Betri Mpya ya Pikipiki: Namna ya Kuichagua, Kuiandaa na Kuitunza

Asubuhi za mwezi wa Julai hapa Nairobi ndizo zinazofichua betri iliyochoka. Mwendeshaji hutoka nje alfajiri kukiwa na baridi kali, hubonyeza kitufe cha stata, na badala ya injini kuzunguka husikia mlio wa tik-tik-tik chini ya kiti huku taa za dashibodi zikififia. Kwa kuwa pikipiki nyingi zinazobeba abiria mjini bado zina kiki, hupiga kiki mara mbili tatu, injini huwaka, na jambo lenyewe husahauliwa hadi jioni. Baada ya wiki moja honi imeanza kukoroma na indiketa zimeacha kupepesa, na hapo ndipo anapoteremka hadi Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, na kuomba "betri ya Boxer" bila kuuliza wala kuulizwa swali lolote.

Fedha nyingi hupotea kwa namna hiyo. Katika miaka ambayo nimekuwa nikiitunza pikipiki yangu mwenyewe na kuwasaidia wenzangu wa stejini Kangemi, betri nyingi nilizoona zikitupwa kabla ya kutimiza mwaka hazikuwa mbovu tangu kiwandani. Ama zilifungwa katika pikipiki yenye hitilafu ya kuchaji ambayo hakuna aliyeipima, ama zilimwagiwa asidi dukani na kuanza kazi papo hapo bila kupewa chaji ya kwanza. Makosa hayo mawili yanaweza kuepukwa na mtu yeyote mwenye subira ya siku moja, na ndiyo maana nimeyapa nafasi kubwa kuliko mengine katika mwongozo huu. Ninazungumzia betri ndogo ya volti 12 ya risasi na asidi, inayowasha taa na kuzungusha stata. Betri kubwa za pikipiki za umeme zinazobadilishwa vituoni zina kanuni zake na sitazigusa.

Pima kwanza, ununue baadaye

Kifaa unachohitaji ni multimita. Multimita ndogo ya kidijitali hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue kwa bei iliyo chini ya ile ya betri, na ukiitumia mara moja tu kuepuka kununua betri usiyoihitaji, itakuwa imejilipa yenyewe. Iweke upande wa volti za mkondo mnyoofu, kwenye kiwango cha 20, waya mwekundu uguse ncha chanya na mweusi uguse ncha hasi.

Kipimo cha kwanza hufanywa pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Ndani ya betri mna seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, na kwa hiyo betri ya kawaida iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.7, na ile iliyofungwa kabisa, isiyo na vifuniko vya kuongezea maji, husoma 12.8 au zaidi kidogo. Ukiona 12.4 imebaki takriban robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni betri iliyokaribia kwisha. Namba hizi zimekaribiana sana, jambo linalowapotosha wengi: mtu huona "volti 12" na kudhani kwamba betri ya volti 12 iko salama, ilhali kwa kweli imebakiwa na chaji kidogo mno. Betri inayosoma karibu 10.5 na kukataa kupanda hata baada ya kuchajiwa imepoteza seli moja kabisa, na hiyo hakuna chaja itakayoifufua.

Kipimo cha pili ni cha wakati wa kuwasha. Mwombe mwenzako abonyeze stata huku wewe ukitazama kioo cha multimita. Betri nzuri hushuka kisha hurudi, lakini haishuki chini ya volti 9.5 hivi. Ile inayosoma 12.6 ikiwa imetulia halafu ikaporomoka hadi 7 au 8 mara stata inapoguswa imechakaa ndani, hata kama inaonekana imejaa.

Kipimo cha tatu ndicho ambacho karibu kila mtu hukiruka, nacho ndicho cha maana kuliko vyote. Washa injini, ongeza mafuta hadi izunguke kwa kasi ya wastani, kisha soma volti kwenye ncha zilezile. Zinapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5. Zikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi: tatizo liko kwenye koili za jenereta, kwenye rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa jenereta kuwa mkondo mnyoofu na kuzuia volti zisipande mno), au kwenye nyaya na viunganishi vilivyoungua katikati. Zikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia umeme na betri inachemshwa kila unapoendesha. Katika hali zote mbili betri mpya itakufa kama ya zamani, nawe utamlaumu muuzaji bure.

Jirani yangu wa stejini alibadilisha betri tatu katika miezi 14. Nilipoinua kiti chake niliona unyevu pembeni mwa betri na kutu nyekundu kwenye pingili za mnyororo zilizokuwa karibu na mdomo wa mrija wa hewa. Injini ilipokuwa ikinguruma taratibu multimita ilisoma 13.8, lakini alipoongeza mafuta ikapanda 14, ikapanda 15, ikafika 16.2 na kubaki hapo. Rektifaya yenyewe haikuwa na kosa. Waya wake wa ardhi ulikuwa umefungwa kwa boliti juu ya fremu iliyopakwa rangi upya, na rangi hiyo ilikuwa imeuzuia kugusa chuma. Tulikwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukakaza boliti, na volti zikatulia kwenye 14.3. Ukarabati huo ulichukua nusu saa na haukuhitaji kipuri chochote.

Kuna pia mvujo wa umeme unaotokea pikipiki ikiwa imezimwa. Pikipiki nyingi za mkopo hapa Nairobi zimefungwa kifaa cha kufuatilia mahali ilipo, na nyingine zina king'ora cha wizi, na vifaa hivyo havilali. Chukua kifaa kinachovuta miliampea 20 tu. Kwa saa 24 kitakuwa kimetumia karibu ampea-saa 0.5 (ampea-saa ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri), kwa hiyo betri ya ampea-saa 5 iliyoachwa kijijini wakati wa Krismasi itapungua hadi nusu katika siku tano, na katika siku kumi haitakuwa na kitu. Ili kupima mvujo huu, zima swichi, ondoa waya wa ncha hasi, hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la ampea 10, kisha uunganishe multimita kati ya ncha hasi na waya uliouondoa. Usibonyeze stata ukiwa katika hali hiyo, kwa sababu fyuzi ya multimita itakatika mara moja. Ikiwa hakuna kifaa kilichoongezwa na bado unaona zaidi ya miliampea chache, tafuta waya uliochubuka au swichi iliyoingia maji.

Kuzisoma namba zilizo juu ya betri

Ukisharidhika kwamba pikipiki inachaji vizuri na betri ndiyo iliyochoka, itoe uende nayo dukani. Usiombe betri kwa jina la pikipiki, kwa sababu modeli moja huweza kutumia betri tofauti kulingana na mwaka wake na kama ina stata au ina kiki pekee. Omba kwa namba iliyoandikwa kwenye betri au katika kitabu cha mwenye pikipiki.

Namba hizi zina maana. Katika 12N5-3B, 12 ni volti, 5 ni ampea-saa, na 3 inaeleza ncha chanya iko upande gani. Katika 12N5-4B kila kitu kinafanana ila ncha zimebadilishana upande. Kwenye familia ya YTX mambo yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu namba iliyo katika jina si ampea-saa kamili: YTX5L-BS ina ampea-saa 4, YTX7L-BS ina 6, na YTX9-BS ina 8. Herufi L inamaanisha kwamba ukiielekeza betri ili ncha zake ziwe upande wako, ncha chanya itakuwa kulia. Betri yenye ncha upande usiofaa huweza kuingia vizuri kabisa katika nafasi yake, na nyaya zikivutwa kidogo zikafika, ila chanya imekutana na hasi, na mara swichi inapofunguliwa fyuzi inakatika, ukiwa na bahati, au rektifaya inaungua, ukiwa huna.

Ampea-saa zinakueleza ukubwa wa tangi. Ampea-saa 5 maana yake ni kwamba betri inaweza kutoa nusu ampea kwa saa 10. Kamwe usiweke betri yenye ampea-saa chache kuliko zilizopendekezwa. Wako wanaoweka kubwa zaidi ili ibebe taa za ziada, na ikiwa inaingia katika nafasi yake bila kubanwa haitaleta madhara, lakini mtu asijidanganye kwamba tangi kubwa huongeza maji ya mto. Kinachoingia ni kile kinachotolewa na jenereta ya pikipiki, na jenereta haijabadilika. Taa mbili za spoti za wati 20 kila moja huvuta zaidi ya ampea 3, na ukiongeza redio, chaja ya simu na honi ya sauti mbili, pikipiki ndogo inayotembea polepole katika foleni ya Waiyaki Way itakuwa inatoa zaidi ya inavyoingiza, betri iwe kubwa au ndogo.

Kuhusu aina, sokoni utakutana na tatu au nne. Ya kwanza ni betri ya kawaida yenye vifuniko sita na mrija wa hewa, ambayo huongezwa maji. Ni ya bei nafuu, huvumilia makosa, na mtu aliye tayari kuifungua mara moja kwa mwezi atadumu nayo vizuri. Ya pili ni ile iliyofungwa, ambayo asidi yake hunyonywa na pamba ya kioo iliyo kati ya mabamba ya risasi. Haimwagiki, haihitaji maji, na huvumilia mtikisiko vizuri zaidi, na kwa pikipiki inayopita barabara za mashimo na matuta kila siku ndiyo ninayoipendekeza, mradi rektifaya iwe nzima. Sababu ya sharti hilo ni kwamba betri ya kawaida ikichemka kwa chaji kupita kiasi unaweza kuirudishia maji, lakini iliyofungwa ikishapoteza maji yake haina mlango wa kuyarudisha. Betri za jeli hufanana nayo na huchukia zaidi chaji kali. Betri za lithiamu ni nyepesi mno na bei yake ni kubwa. Zinahitaji volti thabiti na chaja yake maalumu, na kwa pikipiki ya kazi yenye umri wa miaka sita au saba sioni sababu ya kuziingiza.

Ukiwa dukani, igeuze betri uitazame pande zote. Isiwe imevimba, isiwe na ufa, na ncha zake zisiwe na alama za kukazwa na boliti hapo awali. Tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye plastiki au kwenye lebo, na nembo ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya. Ikiwa imeshajazwa asidi, ipime hapohapo kwa multimita yako. Ikisoma chini ya 12.4 iache, hata ukipunguziwa bei, kwa kuwa imekaa rafuni muda mrefu na salfeti ya risasi, ukoga mgumu unaoizuia betri kushika chaji, imeanza kugandamana juu ya mabamba. Mimi hupendelea kununua betri kavu, ambayo asidi yake iko kando katika chupa zilizofungwa, kwa sababu uhai wake unaanza siku ninapoijaza mwenyewe. Chukua risiti yenye tarehe, na uulize dhamana inahitaji nini ili isikataliwe baadaye.

Siku ya kwanza ya betri

Nitaeleza kosa langu mwenyewe. Betri yangu ya kwanza niliinunua kabla ya adhuhuri nikiwa na haraka ya kurudi kazini. Kijana wa dukani alikata vichwa vya chupa za asidi, akamimina, akaitikisa betri kama chupa ya dawa ya kikohozi, akabonyeza kifuniko, na kabla ya dakika kumi kwisha ilikuwa chini ya kiti. Ilikuwa bado ina joto mkononi. Pikipiki iliwaka kwa stata mara ya kwanza, nikafurahi, nikaondoka. Baada ya miezi minne ilikuwa inasoma 12.1 kila asubuhi, na hakuna chaji iliyoweza kuipandisha ikakaa.

Kilichotokea ni hiki. Betri kavu ikishamiminiwa asidi huwa na takriban asilimia 80 ya chaji yake. Ile asilimia 20 iliyobaki haiingizwi na pikipiki, kwa sababu jenereta ya pikipiki imekusudiwa kurudisha kile kidogo kilichotumiwa wakati wa kuwasha, na haikutengenezwa kuikamilisha betri mpya. Betri iliyoanza kazi kwa asilimia 80 huendelea kuishi humo, salfeti hugandamana katika sehemu ya bamba ambayo haikuwahi kuamshwa, na kiwango hicho pungufu kinakuwa ndicho kipeo chake hadi mwisho wa maisha yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Vaa glavu za mpira na miwani, ukae mahali penye hewa, na uwe na ndoo ya maji safi kando yako. Tumia asidi iliyokuja na betri hiyo na si nyingine, kwa maana asidi ya betri iliyofungwa ni kali kuliko ya betri ya kawaida. Kwa betri iliyofungwa, geuza kifurushi chote cha asidi juu ya matundu, bila kuing'oa karatasi inayoziba midomo ya chupa, kisha bonyeza hadi itoboke na uone mapovu yakipanda katika kila chupa. Chupa isiyotoa mapovu igonge taratibu kwa kidole. Kwa betri ya kawaida, mimina hadi mstari wa juu na uache hapo. Kisha iache itulie. Dakika 30 ni kiasi cha chini kabisa, na saa moja ni bora, kwa sababu asidi inahitaji muda wa kupenya ndani ya mabamba, na wakati huo betri hupata joto ambalo ni la kawaida. Betri ya kawaida ikishanyonya, kimo cha asidi hushuka kidogo. Ongeza asidi hiyohiyo hadi mstari wa juu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho katika maisha ya betri hiyo kuongezwa asidi.

Sasa ichaji. Kanuni ni sehemu moja ya kumi: betri ya ampea-saa 5 huchajiwa kwa nusu ampea, ya 7 kwa ampea 0.7, kwa muda wa saa tatu hadi tano. Vifuniko vya betri ya kawaida viachwe wazi wakati wa kuchaji, na kile cha betri iliyofungwa kibonyezwe kikae sawasawa kabla ya kuanza, kisifunguliwe tena. Usiipeleke kwenye kibanda ambacho betri za magari na za sola zimepangwa kwenye chaja moja kubwa. Ampea 10 zinazofaa betri ya lori huikausha betri ya pikipiki kwa muda mfupi sana. Ukimaliza, iache ipumzike kwa saa moja au mbili, uipime tena. Iliyofungwa inapaswa kusoma 12.8 au zaidi. Isipofika, irudishe kwenye chaja. Ikiwa huna chaja ya kiasi hicho, changeni fedha stejini mnunue moja ya pikipiki inayojizima yenyewe betri inapojaa. Wenzangu na mimi tulifanya hivyo, na imehudumia pikipiki zetu zote.

Kuifunga

Unapoiondoa betri ya zamani, anza na ncha hasi. Unapoweka mpya, malizia na ncha hasi. Mpangilio huu una sababu. Fremu nzima ya pikipiki imeunganishwa na hasi, hivyo ukiwa unalegeza chanya huku hasi ingali imefungwa, spana ikigusa fremu hutoa cheche kubwa, na karibu na betri kunaweza kuwa na gesi ya haidrojeni inayolipuka.

Safisha kikalio cha betri na uhakikishe kile kipande cha mpira cha chini kipo. Mara nyingi kimepotea, na fundi ameweka kipande cha kadibodi ambacho mvua moja ya Aprili inakimaliza. Kata mpira wa tairi kuukuu la ndani uweke. Mkanda wa kushikilia betri uwe umekaza, kwa sababu betri inayorukaruka humomonyoka ndani: unga wa risasi hudondoka kutoka kwenye mabamba, hujikusanya chini, na siku moja huunganisha bamba chanya na hasi. Kwa betri ya kawaida, chomeka mrija wa hewa na uufuate kwa mkono hadi mwisho wake, usiwe umekunjwa wala kubanwa na kiti, na mdomo wake uelekee chini, mbali na mnyororo. Kaza boliti za ncha kwa spana ndogo bila kutumia nguvu nyingi, kisha pakaza mafuta ya mgando kidogo juu yake ili unyevu usiingie.

Matunzo ya mwezi hadi mwezi

Betri ya kawaida ifunguliwe mara moja kwa mwezi, na kimo cha maji kitazamwe katika seli zote sita. Hapa pana hatari inayoletwa na lugha yetu wenyewe. Madukani na kwenye vituo vya mafuta, "maji ya betri" huweza kuwa jina la vitu viwili: maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji bila madini yoyote, na asidi ya kujazia betri mpya. Kinachopungua ndani ya betri ni maji peke yake, asidi hubaki. Anayeongeza asidi kila maji yanaposhuka huifanya betri kuwa kali zaidi kila mwezi hadi yale mabamba yakaliwa. Soma chupa, usitegemee jina unalotajiwa na muuzaji. Maji ya mfereji nayo yana madini na klorini, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mabati si safi kama yanavyoonekana.

Ukiona ukoga mweupe au wa kijani kwenye ncha, changanya kijiko kimoja cha magadi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, yale magadi tunayopikia githeri yanafaa, upake kwa mswaki wa zamani na uache yatoe povu, kisha usuuze kwa maji kidogo na ukaushe kwa kitambaa. Vifuniko viwe vimefungwa wakati huo, kwani tone la magadi likiingia ndani huiua asidi ya seli hiyo.

Mwendo wa mjini nao una hesabu yake. Stata inayovuta ampea 60 kwa sekunde mbili hutumia takriban ampea-saa 0.033, ambazo hurudishwa na chaji ya ampea moja kwa dakika mbili au zaidi. Hilo si tatizo kwa safari ya kutoka Kangemi hadi mjini. Lakini anayezima na kuwasha kila baada ya mita mia tatu, akimshusha huyu na kumpakia yule, huku injini ikinguruma taratibu na jenereta ikitoa kidogo tu, anakopa bila kulipa. Ikiwa pikipiki yako ina kiki, itumie asubuhi na katika safari fupifupi, uiachie stata safari ndefu. Pikipiki isiyo na kiki, au ile ya injeksheni inayotegemea betri ili pampu ya mafuta ifanye kazi, iwekwe kwenye chaja usiku mmoja kila mwezi, na kila baada ya siku chache ikiwa ina kifaa cha kufuatilia na haitumiki.

Ninawasihi pia wanaoosha pikipiki kwa mashine ya presha wasielekeze maji chini ya kiti. Na yule anayeendesha huku ameitoa betri kabisa kwa sababu kiki inatosha, aelewe kwamba betri hutuliza umeme wa jenereta; isipokuwapo, volti hupanda na kushuka na kuunguza balbu, kisha rektifaya.

Asidi ikikurukia mwilini, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Ikiingia jichoni, osha kwa dakika 15 bila kukoma na uende hospitalini hata kama maumivu yamepungua.

Betri kuukuu usiitupe jalalani wala usimuuzie anayezipasua nyuma ya nyumba ili apate risasi. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliugua na kufiwa kutokana na risasi ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba zao. Phyllis Omido, aliyewapigania, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Maduka mengi ya betri huipokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya. Ipeleke ikiwa imesimama wima, vifuniko vimefungwa, na ncha zake zimezungushiwa utepe wa umeme ili zisigusane na kitu cha chuma njiani.